Dirisha Yangu Haifungwi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Memcha wakati mdogo wake, Tomba, anatwanga pilipili. Ulitoka ofisi ya filamu na uliandikwa kwa adabu zote: kazi yake imependeza, shukrani nyingi, ila upande wa sauti ameshapatikana mtu mwingine wa kumsemea. Asijisumbue kuja studio.

Memcha aliusoma mara mbili, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya friji.

"Nani huyo?" Tomba aliuliza.

"Wa filamu. Wamenikata ulimi."

"Wamekukata nini?"

"Sura wameichukua, sauti wameikataa. Nitafungua mdomo, atatoka mtu mwingine."

Tomba aliacha mchi ndani ya kinu. Alikuwa mpishi wa vibanzi na maandazi ya nyama katika kibanda kimoja pale mtaani Kalina, kijana wa maneno mengi. Alimtazama dada yake, akasema, "Kwani sauti yako ina nini?"

Jibu walikuwa wanalijua wote wawili. Huu ulikuwa mwaka wa saba tangu Memcha atoke Imphal, mji wa mbali kaskazini-mashariki mwa India, kuja Mumbai kutafuta uigizaji. Hakuwa na baba mtayarishaji, wala mjomba mwongozaji, wala hata binamu wa kubeba taa. Uso aliokuja nao, ambao kwao ni uso kama nyuso zote, hapa watu waliusoma kama hati ya kusafiria. Alikuwa ameshakuwa jasusi wa Kichina, mtalii wa Kijapani, na msichana wa kukanda watu mabega mara sita. Mara moja alikuwa muuguzi, akapewa maneno matatu, nayo yakakatwa. Kihindi alikuwa amekijifunza ukubwani, na Kihindi kina vituko vyake: kila kitu lazima kiwe dume au jike, na kila neno linalokifuata lazima likitii, kama ngeli zinavyomtawala Mswahili. Memcha alizikanyaga ngeli hizo kama mtu anayevuka chumba gizani.

Ndipo akampata Sudha. Sudha alikuwa karani wa benki ndani ya filamu, mwanamke wa kawaida tu, mwenye pochi na mwavuli. Memcha alikuwa amekwenda pale kujaribiwa tena kuwa muuguzi, mlinzi akamwambia mlango wa wageni wa nje uko upande wa nyuma. Aliyomjibu mlinzi yule yalipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, yakamkuta mwongozaji, mama mmoja aitwaye Revati, ambaye aliinama dirishani akauliza, "Nani huyo anayegomba? Mpandisheni juu."

Hivyo akapewa Sudha, na matukio manne, na mistari kumi na mmoja. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile ambapo meneja anamwamuru afunge dirisha la kuhudumia wateja, huku mzee mmoja amesimama kwenye foleni tangu asubuhi. Sudha anakataa. Siku ya kupigwa picha Memcha alikataa kwelikweli, kwa roho yote na kwa ngeli zote mbovu: "Dirisha yangu haifungwi!" Watu wa taa walimpigia makofi.

Na mama yao, muuza mboga katika soko la wanawake kule Imphal, alikuwa ameshawatangazia majirani zake wote wa sokoni kwamba safari hii mwanawe atasema.

*

Anti Philomena, mwenye nyumba, alisikia habari zile kupitia ukuta, kama alivyosikia habari zote. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa mjane Mkatoliki wa palepale Kalina, aliyeshawapangisha watu wa kila aina akawapenda wote, hata waliomkimbia na kodi.

"Wewe umekubali?" aliuliza.

"Nifanyeje, Anti? Ni kampuni."

"Kampuni ina simu?"

"Ina."

"Basi piga. Mimi hapa nakaa, sisemi neno." Akakaa juu ya kitanda. "Piga basi, mwanangu, chai inapoa."

Memcha alimpigia Revati. Revati hakujificha, alikuwa na aibu, na aibu yake ilisikika. "Si mimi, Memcha. Bwana Chhajed ndiye mwenye pesa, na anasema Kihindi chako kina makosa. Kwamba watazamaji watacheka mahali pasipochekesha."

"Ana tatu makosa au nne?" Memcha aliuliza.

"Unaona?" Revati alisema taratibu. "Lakini sikiliza. Msemaji waliyemkodi anaingia studio tarehe kumi na nane. Naweza kukuombea saa moja kabla yake. Ukiisoma mistari yako kumi na mmoja bila kosa hata moja, Chhajed hatakuwa na la kusema."

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

"Atakufundisha nani?" alisema Tomba simu ilipokatwa. "Mimi Kihindi changu ni 'weka pilipili' na 'ongeza pilipili'."

"Mimi nitamfundisha," Anti Philomena alijitolea.

Walimtazama kwa heshima. Kihindi cha Anti Philomena kilikuwa cha sokoni na cha foleni ya maji. Kingemfaa Memcha kama angeigiza dereva wa bajaji.

"Basi," alisema Anti mwenyewe, akikubali bila kinyongo. "Yupo mmoja. Lakini huyo mmoja hawapendi nyinyi."

*

Huyo mmoja alikaa ghorofa ya juu yao. Mwalimu Shukla alikuwa amefundisha Kihindi shuleni miaka thelathini na mitano. Hakula nyama, hakula yai, hakula kitunguu siku za Jumatatu. Na ndiye aliyekuwa akipenyeza barua chini ya mlango wao kuhusu harufu ya ngari, wale samaki wadogo waliochachushwa, ambao bila wao mtu wa Imphal hajala. Barua ya mwisho ilikuwa na kurasa mbili na haikuwa na kosa hata la nukta.

Memcha alipanda na ndizi sita, kwa sababu ndizi haijapikwa katika chungu kilichogusa nyama. Mwalimu alikuja mpaka kwenye mlango wa nondo lakini hakuufungua.

"Kama umekuja kuhusu barua," alisema, "barua inajieleza."

"Sikuja kwa barua, Mwalimu Sukla."

"Shukla."

"Sukla," alirudia Memcha, akijitahidi. "Nimekuja kuomba unifundishe. Kihindi inanitesa. Mdomo wangu anakataa."

"Kinanitesa. Unakataa," alisema Mwalimu, na lilikuwa limeshamtoka kabla hajajua. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha utotoni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kustaafu, na muda wote huo hakuwa na mtu wa kumsahihisha isipokuwa gazeti, ambalo halisikii.

Memcha alimweleza yote akiwa amesimama nje ya nondo, ndizi mkononi, huku watoto wa jirani wakipita na kumkodolea macho. Hakuficha kitu. Alimtaja hata mama yake na wanawake wa soko.

"Siku kumi," alisema Mwalimu.

"Ndiyo."

"Haiwezekani." Akafungua kitasa. "Tutaanza kesho saa moja na nusu, baada ya sala. Na katika siku hizo kumi, yule samaki wenu asifike puani mwangu."

Tomba alipoambiwa sharti hilo aliketi chini. "Siku kumi bila ngari? Dada, hata mfungwa hupewa chumvi!"

"Ni kwa ajili ya kazi."

"Kazi yako, tumbo langu." Lakini alilifunga kopo la samaki kwa mifuko mitatu akalipeleka kwa Anti Philomena, ambaye alikuwa na samaki wake wakavu juani na hakuogopa barua ya mtu.

*

Mwalimu alifundisha kwa vitu. Aliviweka barazani, akavinyooshea rula.

"Kufuli?"

"Dume."

"Ufunguo?"

"Dume."

"Jike! Kufuli dume, ufunguo jike. Mlango dume, dirisha jike. Maji dume, chai jike."

"Kwa nini, Mwalimu? Chai si maji yaleyale?"

"Usiulize kwa nini. Mimi nina miaka arobaini na miwili ndani ya ndoa, sijauliza kwa nini."

"Nimesikia!" ilitoka sauti ya mkewe jikoni.

Siku ya tatu Memcha aliota makufuli. Siku ya tano alimsema kondakta wa basi kwa sarufi safi kabisa, kondakta akamwitikia "Ndiyo, bibie," akamrudishia chenji yote. Siku ya sita mke wa Mwalimu alimletea chai katika kikombe cha nyumbani, si kile cha wageni kilichokaa pembeni ya bomba, na hakuna aliyelisemea hilo, lakini Memcha aliliona. Siku ya saba alilia. Alikuwa amerudia mstari wa dirisha mara hamsini, na kila mara ulimi ulirudi kwenye njia yake ya zamani kama ng'ombe anayejua zizi.

"Futa machozi," alisema Mwalimu, akiangalia upande mwingine kwa adabu. "Nimefundisha watoto wa wabunge. Wewe una akili kuliko wao. Tena."

"Dirisha langu halifungwi."

"Tena."

"Dirisha langu halifungwi."

"Na mimi jina langu nani?"

Memcha alikusanya pumzi, akabana meno. "Mwalimu Sh... Shukla."

Mzee aliinuka akaingia ndani. Mkewe alisema baadaye kwamba alikwenda kunywa maji, na kwamba alikunywa glasi mbili.

*

Studio ilikuwa chumba baridi kisicho na dirisha. Upande mmoja palikuwa na kibanda cha kioo chenye kipaza sauti, na ukutani skrini ambayo Sudha alikuwa amegandishwa juu yake, mdomo wazi. Revati alikuwapo, na fundi wa sauti, na Bwana Chhajed akila kashata. Pembeni alikaa mwanamke mnene mwenye shali, Vrinda, msemaji aliyekodiwa. Alikuwa amekuja mapema. Alimpungia Memcha mkono kana kwamba si adui yake.

Memcha aliingia kibandani akavaa vipokea sauti. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili. Wa tano. Alikanyaga kila ngeli mahali pake, kama mtu anayevuka mto kwa mawe anayoyafahamu. Alipofika kwenye mstari wa dirisha alisema, "Dirisha langu halifungwi," na hakukuwa na kosa hata la kuwekea kidole.

Bwana Chhajed alipiga meza. "Safi! Sasa kwa nini hukusema hivi toka mwanzo?"

Memcha alitazama kupitia kioo, akamwona Revati hajatabasamu.

"Tena, tafadhali," alisema Revati.

Akasema tena. Na tena. Mara ya nne Revati alivua vipokea sauti.

"Ni sahihi," alisema. "Ni sahihi kabisa. Lakini Sudha wangu amekwenda wapi? Huyu anasoma taarifa ya habari."

Memcha alihesabu moyoni. Siku kumi. Makufuli na funguo, na mdogo wake akila wali wa ndizi mbichi. Alitaka kucheka, na alitaka kumrushia mtu kiti.

"Basi haina shida," alisema Bwana Chhajed. "Vrinda aingie tumalize."

Memcha alitoka kibandani, Vrinda akaingia. Alikuwa na sauti ya asali, sauti ambayo ungeweza kumbembelezea mtoto. Kwenye skrini Sudha alikuwa amekunja uso, mishipa ya shingo imemtoka, na kinywani mwake mkatoka bi harusi anayekaribisha wageni sharubati. Fundi wa sauti aliinamisha kichwa kuficha meno. Vrinda mwenyewe alisimama katikati ya mstari, akatoka nje.

"Madam," alisema, "nipigieni ile sauti ya kwanza. Ile ya siku ya picha."

Wakaipiga. Chumba kikajaa kelele za benki, na juu yake sauti iliyokwaruza: Dirisha yangu haifungwi!

"Mnasikia hapo?" alisema Vrinda. "Kabla ya 'dirisha' amevuta pumzi kwa pua. Mimi nimewasemea warembo miaka ishirini. Wengi wao ni midomo tu inayocheza, ndiyo maana kazi yangu ipo. Huyu alikuwa anasema. Sasa nikimsemea mtu anayesema, mimi natafuta nini hapo?"

"Unatafuta malipo yako," alisema Chhajed.

"Malipo yangu ni ya kufika, na nimefika." Akachukua shali lake akaketi.

Memcha alikuwa amerudi kibandani kuchukua mkoba wake. Alisikia kila kitu kupitia vipokea sauti vilivyoachwa mezani, na alimsikia Chhajed akimalizia: "Tatizo watu watauliza, karani gani wa benki anaongea hivyo?"

Hapo siku kumi zote zikamvunjikia kichwani. Alisahau rula, alisahau baraza.

"Karani huyu hapa!" alisema. "Bosi, wewe benki yako karani wote anaongea kama redio? Mimi miaka saba iko Mumbai. Kodi nalipa hapa, treni nasukumwa hapa, mafua yangu nayo imetoka hapa! Mtu akija kwa dirisha yangu anataka pesa yake. Napa, anahesabu, anaenda. Hakuna mtu, hata mmoja, amesimama akauliza dirisha ni dume ama jike!"

Kisha Revati, bila kuondoa macho kwenye kioo, akamuuliza fundi, "Kipaza kilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa, madam."

"Memcha, usitoke. Usinywe maji. Simama hapohapo useme mistari yako yote kabla hasira haijapoa."

Aliisema yote kumi na mmoja bila kutua. Baadhi ilitoka sahihi, baadhi haikutoka sahihi, na Sudha alirudi kinywani mwake mwenyewe. Walipomaliza, Bwana Chhajed alikuwa ameshikilia kashata mkononi, haijaliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeweka fedha zake mahali na kulala vibaya.

"Minne irekebishwe," alisema hatimaye, "ile ambayo haieleweki. Mingine sawa."

"Na ya dirisha?" aliuliza Revati.

"Dirisha inabaki," alisema Chhajed. Akajisikia alichosema, akaanza kucheka mpaka kashata ikamwangukia mapajani.

*

Jioni ile ngari ilirudi nyumbani. Tomba aliipika kwa viazi na pilipili kumi na tano, akala akitokwa na machozi ya furaha. Juu, dirisha lilifungwa kwa kishindo, lakini barua haikuja.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza Mwalimu. Memcha alipanda asubuhi, akakaa barazani, akasema ukweli.

"Makosa yamebaki?" Mwalimu alisimama. "Kwa makusudi? Sasa mimi siku kumi nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Mwalimu, zamani nilikuwa nakosea bila kujua. Sasa kila kosa nalijua kwa jina lake. Nikikosea, nakosea kwa hiari yangu."

Mzee alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, akigonga rula kwenye goti. Sentensi ile haikuwa na kasoro, na alikuwa ameshaikagua mara mbili.

"Hilo," alikiri, "ni darasa la juu." Kisha akaongeza, "Jumatatu tutaendelea. Bado hujui chochote kuhusu vitenzi."

*

Kabla filamu haijatoka ilitangulia kionjo chake cha matangazo, na ndani ya kionjo, katikati ya watu maarufu wakikimbia, palikuwa na sekunde mbili za Sudha na dirisha lake. Mama yao alipiga simu akiwa sokoni, makelele yamejaa nyuma yake.

"Tumeisikiliza mara ishirini," alisema. "Wanawake wanasema unafoka kama mimi."

"Si vibaya, Mama?"

"Mimi nimewalea kwa kufoka. Ulitegemea ufoke kama nani?" Akakata, kwa sababu mteja alikuwa anabonyeza nyanya.

Jumamosi ya kwanza walikwenda wote onyesho la saa sita mchana: Memcha, Tomba, Anti Philomena na gauni lake la kanisani, Mwalimu na mkewe. Ukumbi ulijaa nusu. Sudha alipokataa amri ya meneja, mtu wa nyuma alipiga mluzi, kisha safu nzima ikapiga makofi. Watu walicheka, lakini walimcheka meneja. Mwalimu alinong'ona "langu, halifungwi" kwa mazoea, mkewe akampiga kiwiko, naye akaanza kupiga makofi kuliko wote.

Wakati wa mapumziko Memcha alikuwa kwenye foleni ya choo cha wanawake aliposikia ameguswa bega. Alikuwa mama mmoja wa makamo, sari ya kijani, bisi mkononi, na alikuwa anamtazama kwa makini.

"Wewe si yule wa benki?"

Memcha alitengeneza nywele, akaandaa tabasamu. Alidhani ataombwa picha. "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Mna dharau nyinyi!" alisema yule mama. "Wiki iliyopita nimezungushwa madirisha matatu kwa saini moja tu. Moja! Huyu ananituma kwa yule, yule yuko chai, wa tatu ananiambia mashine imelala. Mimi magoti yananiuma. Hamna mama zenu?"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mwingine akadakia, "Hata mimi, kitabu changu cha akiba wamekaa nacho mwezi!" Nyuma yake Memcha alimsikia Anti Philomena akikohoa kuzuia kicheko. Walikuwa wanamtazama yeye, wote, kwa hasira ya kweli kabisa, hasira ambayo mtu humwekea karani wa benki wa mtaani kwake. Memcha alifurahi kuliko kama angeombwa picha.

"Samahani sana, mama."

"Samahani haiponyi magoti. Jumatatu upo?"

"Jumatatu nipo," alisema Memcha. "Ila njoo mapema. Foleni huwa ndefu."